Mpangaji wa Kibanda cha Mnara

Jumapili, 3 Machi

Wifi yangu,

Usiikunje barua hii ukaitupa kabla hujafika katikati. Simu zangu hupokei, basi nimerudi kwenye kalamu kama watu wa zamani. Angalau karatasi haikatiki hewani.

Sisi wazima. Baba yenu mzima, kasoro masikio. Jana nimemwita chakula kiko mezani, akaniitikia, "Ndiyo, na mawingu nayo yapo." Mimi niko na cherehani yangu. Shule zinakaribia kufungua na kila mzazi amekumbuka leo kwamba mwanawe amerefuka.

Kilichonifanya nikuandikie ni mdudu. Usicheke kwanza.

Jumatano nilipanda mlima. Fundi mpya wa mnara wa simu alikuwa anakwenda kuangalia betri, nikamwomba nifuatane naye nikachukue vitu vya kaka yako vilivyobaki kwenye kile kibanda cha mafundi. Kampuni wameshaleta ujumbe zaidi ya mara moja kwamba wanakihitaji. Unajua miaka yote ile aliyokuwa akipanda kwenda kuuhudumia huo mnara, mimi sikuwahi kufika juu? Nilikuwa nikimtania, huyo mke mwenzangu mrefu, siku moja nitakuja nimwone sura. Basi nimemwona. Mrefu kweli, na adabu hana, anavuma mchana kutwa.

Njia ni mbaya. Kwanza majani, kisha msitu wenye utelezi, kisha vichaka vya majani magumu madogo madogo, na ukungu mpaka humwoni aliye mbele yako. Nilifika ulimi nje. Kibanda kina kitanda, jiko, na msumari nyuma ya mlango. Kwenye msumari koti lake la mvua. Kwenye kola ya koti, kiwavi.

Nimewaona viwavi wengi maishani, wamenilia mboga zangu. Huyu si wa aina hiyo. Ana urefu wa pingili ya kidole, rangi ya majivu, manyoya mafungu mafungu, na mstari wa njano uliopinda ubavuni. Lakini kichwani, wifi! Ana kitu kama shanga nyeusi zilizopangwa moja juu ya nyingine, kubwa chini, ndogo juu, zimesimama wima. Mnara kabisa. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii, nisamehe, mkono wangu umezoea chaki na kitambaa.

Fundi mpya alisema mtupe mama, huyo anawasha. Sikuweza kumtupa. Alikuwa kwenye koti lake. Nimeshuka naye kwenye kopo la maziwa. Baba amempa jina, anamwita Mpangaji, kwa sababu amehamia kibandani bila kuuliza kodi.

Mume wangu alikuwa akijigamba kwamba hakuna mdudu ambaye dada yake wa makumbusho hamjui, jina la nyumbani na la kitabuni. Haya, ni nani huyu?

Wifi yako wa chini ya mlima

*

Alhamisi, 14 Machi

Wifi,

Barua imefika. Nimeisoma kuanzia penye mdudu.

Hizo si shanga. Ni vichwa vyake. Kiwavi anapokua ngozi humbana, huivua akabaki na mpya, kama wateja wako na sare zao. Viwavi wengine huiacha ngozi yote chini wakaenda zao. Wa aina hii huvua mwili, lakini fuvu la kichwa cha zamani hubaki limenata juu ya kichwa kipya. Akivua tena, la pili linakaa chini ya la kwanza. Kile cha juu kabisa, kidogo kama punje ya mchanga, ndicho kichwa alichozaliwa nacho.

Wenye tabia hiyo nimewasoma kwenye vitabu vya nchi za mbali. Wa mlima huo simjui. Humu kazini makabati ya wadudu yanaanzia mlangoni mpaka dirisha la nyuma. Nimefungua droo hata zile ambazo vishikio vyake vimeng'oka, sijaona mwenye mstari wa njano uliopinda hivyo. Mkuu wangu ameutazama mchoro wako akaguna. Mkuu wangu haguni ovyo.

Ila kiwavi peke yake hatoshi. Ni kama kutaka kumtambua mtu mzima kwa picha aliyopigwa amevaa nepi. Lazima akue, atoke na mabawa, ndipo tumlinganishe na wenzake. Kwa hiyo usimtume. Mlee. Mpe majani ya mti uleule uliokuwa karibu naye, kwani wengine hukubali kufa njaa wakiwa wamekalia chakula wasichokizoea. Nadhani atakuwa nondo, si kipepeo, usijitayarishie rangi nyingi. Na usimguse kwa mkono mtupu, manyoya hayo yana sumu.

Ni kweli simu sipokei. Namba yako ikiita, mkono unaniganda. Hilo liache.

Msalimie Baba.

Wifi yako wa chumba cha wadudu

*

Jumatatu, 25 Machi

Wifi yangu,

Onyo lako limekuja mgonjwa keshapona. Mkono ulinivimba ukawa kama ule mto wangu wa kuchomekea sindano, nikashona mapindo kwa mkono wa kushoto, na kuna mtoto mmoja atakwenda shule na suruali iliyokunja uso. Mama yake hajanisema bado.

Huyu Mpangaji ana maringo. Nimempa kila jani la uani, anasusa. Baba akasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Nikamwambia huyu jembe litamlalia. Mwisho nikafunga mlango wa duka, nikapanda tena mlimani kumchumia majani ya kile kichaka kilicho nyuma ya kibanda. Alivyoyaona! Alikula mpaka nikasikia, wifi, krr krr, kama mkasi mdogo. Majani yananyauka upesi, kwa hiyo sasa napanda kila wiki. Magoti yananilaani.

Majirani wameshapata la kusema. Eti naufuata mlima au namfuata fundi mpya. Fundi mwenyewe ananiita mama na kumwita Baba babu, na tukiwa njiani hadithi yake ni moja tu, mchumba wake anayesoma ualimu. Waache wapate pa kupumzishia ndimi.

Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Vitu vya kibandani sijavimaliza. Ile siku ya kwanza nilishuka na blanketi. Iliyofuata, sufuria. Juzi nimeshuka na redio. Ningeweza kuvibeba vyote kwa mara moja, ni vitu gani kwani? Lakini kila nikifika nasema hiki kimoja nitakirudia. Koti bado liko msumarini. Lina harufu ya mafuta ya jenereta, na mfukoni kuna pipi ya kikohozi iliyofunguliwa nusu. Hukaa kitandani nikamwambia, "Haya, nimefika, ulisema siwezi kufika." Mnara unavuma tu.

Wiki iliyopita Mpangaji alitutia hofu. Aliacha kula, akajishikiza kwenye kijiti, hajongei. Baba akagonga kopo, hakuna kitu. Nikasema ndiyo basi. Chakula kilinishinda, unacheka? Mtu mzima namsusia chakula kiwavi. Kulipokucha nikamkuta anatembea, mwili mpya unang'aa, na kofia imeongezeka! Baba alipiga makofi mpaka mteja akakimbilia ndani akidhani kuna ugomvi.

Niambie, wifi. Kwa nini havitupi hivyo vichwa? Si mzigo?

Wifi yako wa chini ya mlima

*

Jumanne, 9 Aprili

Wifi,

Havitupi kwa sababu vinamkinga. Kuna kunguni wa porini mwenye mdomo kama sindano, kazi yake kuwachoma viwavi kichwani na kuwanyonya. Akimjia huyu, huchoma fuvu tupu. Anachoma tena, tupu. Kiwavi anapata nafasi ya kukimbia. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilicheka. Safari hii sikucheka.

Sasa sikiliza vizuri, hili ni la kazi. Atajifumia kifukofuko, akitumia manyoya yake mwenyewe. Usimsaidie, usimfungue. Siku akitoka, mabawa yatakuwa yamekunjamana na maji maji. Ngoja yakauke. Kisha mlaze, umweke juu ya pamba ndani ya kiboksi kigumu, umtume kwa basi. Fanya mapema kabla hajaanza kurukaruka. Akirukaruka ndani ya kiboksi mabawa yanaharibika, na kitambulisho chote cha nondo kiko kwenye mabawa.

Nimezungumza na mkuu. Kama hatalingana na yeyote kwenye droo zetu wala kwa wenzetu tunaoandikiana, basi ni mgeni duniani, hajaandikwa na mtu. Na mgeni hupewa jina. Mkuu amesema jina nitachagua mimi. Nimeshalichagua. Ni la kaka yangu. Litaandikwa kwenye kikaratasi kidogo chini ya pini, kwa wino usiofutika na maji wala miaka. Atakuwa kwenye droo yangu, nitakuwa naye hapa.

Nilikuwa nataka kuishia hapo. Nimeshindwa.

Unataka kujua kwa nini sipokei simu. Jioni ile ulinipigia ukasema, "Wifi, kaka yako amelazwa." Nikakuuliza wodi gani, ukasema, "Wewe njoo tu." Nikafikiri, kama amelazwa ana kitanda, ana daktari, ana mke wake pembeni, kuna muda. Basi la usiku lilikuwepo. Sikupanda. Nikamaliza kuwapanga mbawakawa waliokuwa mezani. Nikapita dukani nikamnunulia kandambili, maana sakafu za hospitali ni baridi na yeye na mafua ni ndugu. Nikapanda basi la asubuhi. Watu husema kawia ufike. Mimi nilikawia, sikufika. Nilishuka na mfuko wa kandambili mkononi, nikakuta udongo mbichi. Wazee wamesema hangoji mtu, mmeshamzika.

Mtu aliyezikwa asubuhi hawezi kuwa alikuwa amelazwa jioni, wifi. Alikuwa ameshakwenda ulipokuwa unaongea nami. Ungesema neno lenyewe ningepanda lile basi la usiku, hata kwa kusimama njia nzima. Ningemwona uso. Uliniibia uso wa kaka yangu, ndivyo ninavyoona, na nimechoka kulificha.

Mdudu mlee vizuri.

Wifi yako wa chumba cha wadudu

*

Jumapili, 12 Mei

Wifi yangu,

Ametoka!

Leo asubuhi, Baba yuko kwenye kiti chake karibu na dirisha, mimi nabadilisha bobini. Kifukofuko kikatikisika. Baba aliyesahau kusikia tangu siku nyingi ndiye aliyesema, "Kuna mtu anakwangua mlango." Tukasimama wote wawili, kopo katikati yetu. Akatoka kwa taabu, mnyonge, amelowa, kakunjamana kama kitambaa kilichosahaulika kwenye beseni. Akapanda kijiti, akaning'inia. Mabawa yakawa yananyooka yenyewe polepole, bila pasi. Nililia, wifi, sioni haya kukuambia.

Vichwa vyake ameviacha vyote ndani ya kifukofuko. Nimeviona, vimelala kama vifungo vya koti la sisimizi. Hakutoka na hata kimoja.

Mwenyewe hana makuu. Rangi ya jivu, mdogo, na bawa la mbele lina mstari mmoja mweusi uliopinda, kama pindo la fundi mwenye haraka. Baba akamtazama sana akasema, "Kupanda mlima kote kule, kwa huyu?" Mimi nampenda hivyohivyo. Kaka yako naye, kwani alikuwa na makuu gani?

Nimemlaza kama ulivyosema. Nimetafuta kiboksi kigumu cha nyuzi, nikatandika pamba safi, nikamfunika kwa kipande cha hariri kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi. Nikatoboa matundu ya hewa kwa sindano, pande zote. Chumba nikakifunga mapazia ili apate giza. Nikamwimbia kidogo, usiniulize wimbo gani. Akatulia kabisa. Hapo ndipo nikamfunika kifuniko, nikakimbia kituo cha mabasi.

Karani wa vifurushi akaniuliza, "Kuna nini humu?" Nikamwambia, "Nondo." Akaniangalia, akaangalia kiboksi. "Mama, nondo za ujenzi hatupakii, zinachana viti, peleka kwenye malori." Nikamwambia hii ni moja tu. Akasema hata moja, kwanza umeikunjaje ikaingia humu? Watu nyuma yangu hoi kwa kicheko. Ilibidi nimfungulie kidogo achungulie. Akasema, "Ah, huyu wa kwenye taa!" Akaandika juu yake "mdudu mmoja, mzima," akagonga muhuri. Basi limeondoka saa hiyohiyo.

Sehemu ya mwisho ya barua yako nimeisoma. Nimeisoma tena na tena. Nimekaa na kalamu jioni nyingi na kila nikifika hapo mkono unakataa. Nisubiri kidogo. Leo nipe nafasi nifurahi na Mpangaji, kisha nitakujibu.

Wifi yako wa chini ya mlima

*

Alhamisi, 16 Mei

Wifi,

Kiboksi kimefika. Nimekifungua mbele ya mkuu.

Hakuna nondo. Kuna pamba iliyojaa unga wa kijivu, na hariri yako iliyojaa unga wa kijivu, na katikati kijidudu kilichobaki na vijiti vya mabawa. Amejipiga njia nzima, kila tuta la barabara. Ule mstari mweusi uliousema uko kwenye pamba, umetapakaa, haurudi kuwa mstari. Mkuu alivaa miwani, akaivua, akasema pole. La kuvunda halina ubani. Hatuwezi kumlinganisha na mtu, hatuwezi kumwandika, hatuwezi kumpa jina.

Nilikuambia umlaze! Niliandika kwa mkono wangu, mlaze, kisha umweke kwenye pamba! Matundu ya hewa ya nini? Anayelazwa anapumua nini? Kumlaza ni kumuua, wifi. Kumuua! Kila mtu humu anajua.

Nimeyasoma tena maneno hayo niliyoyaandika.

Siku yangu ya kwanza kazini mkuu alinipa chupa yenye dawa na wadudu wamo hai, akasema, "Walaze hawa." Aliona haya kutamka lile lingine mbele ya msichana mgeni. Nikawalaza. Tangu siku hiyo ni neno letu la kazi, nimelisema kila siku mpaka likaacha kunisikika. Kaka naye alilichukua kwangu. Alipokuwa akinitumia mbawakawa wa kule juu aliandika, "Nimekulazia wawili watatu." Nilidhani na wewe umelisikia humo nyumbani. Kumbe wewe ulilisikia kama anavyolisikia kila mtu mwenye akili timamu. Umemtandikia, umemfunika, umemwimbia. Na mimi nakupigia kelele.

Alikuwa hai alipofika. Bado alikuwa akitikisa kijiti cha bawa moja. Nilitoka naye, nikaenda dirisha la nyuma, nikamuua mwenyewe. Haya, nimeliandika.

Nilitaka kile kikaratasi chini ya pini. Sikutaka kwa ajili ya sayansi. Wifi, unajua kwamba mpaka leo hakuna mtu aliyeniambia? Niliambiwa amelazwa, halafu nikaona udongo. Baba alinishika mkono tu. Majirani wakasema pole. Wewe ulikuwa umejifunika kanga mpaka usoni. Hakuna kinywa kilichonitamkia. Ndiyo maana nasubiri. Mtu mzima, nina mvi, ninajua kila kitu, na bado jioni nikifunga makabati nafikiri, hebu nimpigie wodini niulize amekula nini. Nilisema nikimwandika yeye kwenye kile kikaratasi, jina na tarehe, labda mkono wangu utakiambia kichwa changu.

Sasa hata hicho sina. Sikulaumu. Nimekasirika tu, na sijui nimkasirikie nani.

Wifi yako wa chumba cha wadudu

*

Jumapili, 2 Juni

Wifi yangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa kibandani. Nimesema sitashuka kabla sijakujibu, na nimeiegemeza karatasi kwenye goti, kwa hiyo mwandiko uvumilie.

Nilimtuma mtoto wa watu akateseka njia nzima ndani ya giza nililomwekea mwenyewe. Najua ni nondo tu. Nimemlilia hata hivyo.

Sasa yale ya jioni ile. Mume wangu alishuka mlimani ananyeshewa, anatetemeka, anasema ni mafua tu, nichemshie maji. Nilipompa maji kikombe kikamponyoka. Kufikia jioni hapumui vizuri, anavuta hewa kama anapanda mlima akiwa kitandani. Dereva wa kampuni akaja na gari, tukamwingiza nyuma, mimi nimekaa, kichwa chake mapajani mwangu. Barabara unaijua. Alikuwa akiongea. Alisema, "Betri ya pili mwambie mtu aikaze." Baadaye akasema mlango wa kibanda hakuufunga. Baadaye akanyamaza, nikasema afadhali amepata usingizi, nikawa namwambia dereva aende polepole asimwamshe. Polepole, wifi! Nilimwambia hivyo mimi.

Hospitalini walimtoa, wakamwingiza ndani, nikabaki kwenye benchi. Akatoka muuguzi, msichana mdogo, sura ya huruma. Akanishika bega akaniambia, "Mama, tumemlaza kule nyuma." Nilielewa. Nyuma hakuna wodi, kila mtu anajua nyuma kuna nini. Nikatoa simu nikakupigia wewe wa kwanza, kabla ya Baba, kabla ya mtu yeyote. Na nilipofungua kinywa likatoka lile neno nililopewa, lilivyo. Amelazwa. Ulipouliza wodi gani, nikaona kwamba lina nafasi ya kuishi ndani yake, neno lile. Kwamba mahali fulani, upande wako wa simu, mume wangu ana kitanda. Sikuweza kukuondolea. Hapana, niseme kweli, sikuweza kujiondolea. Kama wewe ungejua, ingekuwa imetokea.

Tangu hapo sijalisema lile lingine. Ziangalie barua zangu zote, hulikuti. Wateja nawaambia hayupo. Kampuni niliwaambia vitu vyake nitavifuata pole pole. Wakisema mjane nageuka kumtafuta ni nani. Wewe ulikuwa ukisubiri kuambiwa, na mimi ndiye niliyepaswa kukuambia, na mimi nilikuwa sijajiambia.

Leo nimelishusha koti msumarini. Nimelikunja, liko hapa pembeni yangu. Pipi nimeila. Ilikuwa imelainika, ina vumbi, nimeila hivyohivyo.

Na kile kichaka nyuma ya kibanda, nimekichunguza jani kwa jani. Wapo. Wadogo, wengine na kofia moja, wengine mbili. Sikuwagusa. Njoo uwaone mwenyewe, uwalee hapa, wakitoka na mabawa utawaua wewe kwa dawa yako, na mimi nitakushikia chupa, na tutasema kuua. Nyumbani kwetu mtu hatalazwa tena ila mtoto mchanga. Lakini kwanza njoo kwa lile lingine.

Kaa chini, wifi. Kama uko kazini vuta kiti, mwambie mkuu wako atoke kidogo. Fanya kama ni jioni ile na namba yangu imeita, na mkono haukuganda, umepokea.

Haloo, wifi. Ni mimi. Niko hospitali. Kaka yako amekufa. Amekufa sasa hivi njiani, alikuwa mapajani mwangu. Mume wangu amekufa. Acha hao wadudu mezani, panda basi la usiku. Hatumziki mpaka ufike.

Wifi yako